Maswali kwa Mkunga: Kichefuchefu na Kutapika katika Mimba Changa

Barua zinazohusu kutapika katika miezi ya kwanza ya mimba zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeamua ukurasa wote wa toleo hili uwe wa jambo hilo peke yake. Majina ya waandishi tumeyaondoa, na baadhi ya barua tumezifupisha.

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nina mimba yangu ya kwanza, ya wiki 9. Tangu wiki ya 6 kila kitu kinanichefua: harufu ya kitunguu kikikaangwa, moshi wa jiko la mkaa, hata sabuni anayoogea mume wangu. Natapika asubuhi, lakini hali huwa mbaya zaidi jioni nikirudi kutoka shuleni, saa ambayo ndiyo natakiwa kuingia jikoni. Mama mkwe wangu, ambaye kwa kweli ananipenda, anasema wote walipita huko na kwamba nikianza kudeka sasa sitaacha. Je, ni kweli kwamba hakuna la kufanya isipokuwa kuvumilia? Na itaisha lini? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. La kufanya lipo, tena ni mengi, na sehemu kubwa yake haihitaji fedha.

Nianze na swali lako la mwisho. Wajawazito 7 hadi 8 katika kila 10 hupata kichefuchefu, na wengi wao hutapika pia. Ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kama tunavyohesabu kliniki, hali hii huanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, hufikia kilele karibu na wiki ya 9, kisha hupungua polepole. Wengi huwa wamepata nafuu kati ya wiki ya 12 na ya 16, wengine husubiri hadi ya 20, na wachache sana huendelea nayo mpaka kujifungua. Kwa hiyo barua yako umeiandika ukiwa kileleni kabisa. Hilo la jioni lisikushangaze, kwa sababu kichefuchefu cha mimba hakichagui saa, na uchovu wa siku nzima ya kusimama darasani hukizidisha.

Kuhusu kudeka, kuna jambo ambalo ningependa mama mkwe wako alisome. Kwa miaka mingi lawama zote zilitupiwa homoni ile inayoonekana katika kipimo cha mimba cha mkojo. Disemba 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kundi la wanasayansi, wakiwemo Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ulioonyesha kwamba mhusika mkubwa ni homoni nyingine iitwayo GDF15, ambayo mtoto na kondo la nyuma huimwaga katika damu ya mama, nayo huenda kuamsha sehemu ya ubongo inayosababisha kutapika. Wanawake ambao kabla ya mimba walikuwa na kiasi kidogo tu cha homoni hiyo ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa miili yao haikuizoea. Wale walioishi nayo kwa wingi, kama wenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, hutapika kwa nadra. Fejzo mwenyewe alipoteza mimba mwaka 1999 kwa sababu ya kutapika kupita kiasi, baada ya daktari wake kutoamini ukubwa wa mateso yake. Mama mkwe wako hakosei anaposema wote walipita huko, ila hawakupita kwa mzigo mmoja, na uzito wa mzigo huo haukuamuliwa na ujasiri wa mtu.

Sasa tuje kwenye chakula. Tumbo tupu ndilo adui wa kwanza, na ndiyo maana kuamka huwa kugumu. Weka karibu na kitanda mkate mkavu, biskuti zisizo na mafuta mengi au njugu zilizokaangwa, ule kidogo kabla hujanyanyua kichwa, kisha utulie kama robo saa ndipo uinuke polepole. Mchana kula kidogo kila baada ya saa mbili hivi badala ya kungojea milo mitatu mikubwa, na usiache kipindi cha pili na cha tatu vikupite bila kutia kitu kinywani. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kama cha moto: viazi vitamu vya kuchemsha, yai lililochemshwa, ndizi mbivu, wali mkavu, mtindi baridi. Vyakula vya mafuta mengi na pilipili viache kwa sasa. Usijilaumu ukiona kwa wiki kadhaa unakula aina tatu tu za chakula, kwa sababu katika miezi hii mtoto bado ni mdogo sana, nawe huna haja ya kula kwa ajili ya watu wawili. Kinachokubali kubaki tumboni ndicho bora.

Maji yanywe mbali na mlo, kwa funda moja moja siku nzima. Maji yaliyokamuliwa ndimu, dafu, uji mwepesi au barafu ya kumung'unya hukubalika kwa wengi ambao maji matupu huwarudi. Tangawizi inasaidia kweli, wala si hadithi za bibi: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016, linaitaja pamoja na chai ya kamomili, vitamini B6 na akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa, kuwa njia zinazoweza kutumiwa kupunguza kichefuchefu cha mimba changa. Kiasi kinachotumika katika tafiti nyingi ni karibu gramu 1 ya unga wa tangawizi kwa siku, yaani takriban nusu kijiko cha chai, na ni vizuri ukigawe mara tatu au nne. Ikikuletea kiungulia, punguza, na ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza.

Umesahau kunieleza kama unameza vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo wengi wenu mnaviita fefo. Chuma huchafua tumbo. Usiviache kimya kimya, bali jaribu kumeza usiku baada ya kula kidogo, na ikishindikana mwambie mhudumu wa kliniki. Kama damu yako inatosha, anaweza kukupa asidi ya foliki peke yake mpaka kutapika kupungue. Asidi ya foliki usiikose, kwa maana kazi yake kubwa ya kulinda uti wa mgongo na ubongo wa mtoto iko katika wiki hizi hizi.

Lililobaki ni jiko, ambalo huliwezi peke yako. Kukaanga vitunguu na samaki juu ya mkaa, katika chumba kisicho na dirisha la kutosha, ni kumtaka mjamzito atapike. Mume wako akipika, au wifi, au mkila kwa wiki chache chakula kisichokaangwa, hakuna heshima ya mtu itakayopungua. Na ukishatapika, sukutua kwa maji na usubiri angalau nusu saa ndipo upige mswaki, kwa sababu asidi ya tumbo huacha meno yakiwa laini.

Ikiwa hayo yote hayatoshi, vitamini B6 ndiyo hatua inayofuata. Kipimo cha kawaida ni miligramu 10 hadi 25, mara tatu kwa siku, lakini uandikiwe kliniki badala ya kukadiria mwenyewe dukani.

SWALI: Kwako Mkunga, salaam. Mke wangu ana mimba ya wiki 11. Kwa siku nne sasa anatapika kila anachokunywa, amekonda hadi nguo zinamvuka, na tangu jana amekojoa mara moja tu, mkojo wa rangi ya chai. Jirani anasema ni malaria, shangazi anasema ni mambo ya majini, na mtu wa duka la dawa amenipa vidonge ambavyo naogopa kumpa kwa sababu nimesoma kwamba zamani dawa za kichefuchefu zilisababisha watoto kuzaliwa bila mikono. Nifanye nini? – Baba mtarajiwa, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, barua ya namna hii haifai kungojea gazeti. Ndiyo maana mhariri alikupigia simu kabla sijashika kalamu, na tunashukuru kwamba mkeo alilazwa siku ile ile. Naijibu hapa kwa ajili ya wengine walio katika hali yake.

Kutapika kwa mke wako si kichefuchefu cha kawaida kilichozidi kidogo. Madaktari huita hali hiyo kutapika kulikopindukia, na huwapata takriban wajawazito 1 hadi 3 katika kila 100. Dalili zake, ambazo baadhi umeziandika, ni kushindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, mkojo kidogo na mweusi, kizunguzungu akisimama, mapigo ya moyo kwenda mbio, na uzito kupungua kwa zaidi ya asilimia 5 ya ule aliokuwa nao kabla ya mimba, yaani kilo 3 kwa mwanamke wa kilo 60. Ukiniuliza ni dalili ipi nyumbani muiangalie kuliko zote, nitakwambia mkojo. Mjamzito aliyekaa muda wa saa nane bila kukojoa, au anayekojoa matone ya rangi ya chai, apelekwe hospitali, hata kama ni usiku. Hali hii haina uhusiano na umaskini wala majini: Disemba 2012 Catherine, mke wa Prince William wa Uingereza, alilazwa hospitali jijini London kwa sababu hiyo hiyo.

Hospitalini atapimwa mkojo ili kuona kama mwili umeanza kuyeyusha mafuta yake kwa njaa, atapimwa damu na chumvi zake, na atafanyiwa kipimo cha picha, kwa kuwa mapacha na mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo kondo hukua kama kishada cha zabibu, huongeza kutapika. Malaria nayo lazima ipimwe. Jirani yako hakuwa na makosa kuitaja; kosa huwa kuitibu bila kipimo, au kuipuuza kwa kudhani kila kutapika ni mimba. Shikeni hili: kichefuchefu cha mimba hakileti homa. Mwenye homa, maumivu ya tumbo, kukojoa kwa kuungua au kuharisha ana jambo jingine, na yule ambaye kutapika kumemwanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 10 achunguzwe kwa makini zaidi. Baada ya wiki ya 20, kutapika pamoja na kuumwa kichwa sana, kuona maluweluwe au maumivu chini ya mbavu za kulia ni dalili za hatari za shinikizo la damu la mimba, na hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Kuna desturi inayonitia wasiwasi kuliko vidonge vya dukani, nayo ni ya kumwita mtu aje nyumbani kumtundikia mgonjwa dripu ya glukosi «ili apate nguvu». Mwanamke aliyetapika kwa siku nyingi huwa amepungukiwa na vitamini B1, na glukosi ikiingia mwilini kabla ya vitamini hiyo inaweza kumletea madhara makubwa ya ubongo. Hospitali huanza na maji ya chumvi, hutia potasiamu pale damu inapoonyesha imepungua, na hutoa B1 kabla ya sukari yoyote.

Hofu yako ya dawa ina historia ya kweli. Thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, ikatumika pia kwa kichefuchefu cha wajawazito, na hadi ilipoondolewa sokoni huko Novemba 1961 ilikuwa imesambaa katika nchi nyingi. Zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na viungo visivyokamilika. Marekani iliponea kwa kiasi kikubwa kwa sababu Frances Kelsey, daktari wa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, alikataa kuiidhinisha akisema ushahidi wa usalama wake hautoshi, na ni baada ya msiba huo ndipo sheria za kupima dawa zilikazwa. Dawa zinazotolewa leo si hiyo. Doksilamini pamoja na vitamini B6, promethazini na metoklopramidi zimetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi, na madhara yake yanajulikana: mbili za mwanzo huleta usingizi, na ya tatu haitakiwi kupita siku 5 kwa sababu inaweza kukaza misuli ya uso na shingo. Ondansetroni kwa kawaida hutolewa pale hizo zinaposhindwa. Ikitumiwa katika wiki 12 za kwanza, hatari ya mtoto kuzaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka huongezeka kidogo, kwa makadirio ya watoto 3 zaidi katika kila 10,000. Ninavyoona mimi, kwa mwanamke aliye katika hali ya mkeo, hatari ya kutotibiwa ni kubwa kuliko hiyo. Ulifanya vyema hata hivyo kutompa vidonge ambavyo hukuambiwa jina lake.

Akirudi nyumbani na kuanza kutapika tena, dawa ya kuongeza maji ya pakiti inafaa. Mkiikosa, changanyeni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, naye anywe funda kwa funda.

SWALI: Kichefuchefu changu kinatulia kwa udongo wa pemba tu. Ninatafuna vipande kadhaa kwa siku. Je, kuna ubaya? – Mama K., Mwanza

JIBU: Upo. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe hupunguza chuma ambacho mwili ungefyonza kutoka kwenye chakula, kwa hiyo unaokula unazidisha kile kinachokufanya uutamani. Baadhi ya udongo unaouzwa sokoni umekutwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, mbali na mayai ya minyoo. Nenda kapime wingi wa damu wiki hii. Wakati huo huo tafuta kitu kingine cha kushughulisha mdomo: ubuyu usiotiwa rangi, ukwaju, embe bichi, barafu. Mate yakikujaa mdomoni, kama wengi wanavyolalamika, yateme bila aibu, kwa kuwa ukiyameza kichefuchefu huongezeka.

SWALI: Asalaam alaykum Bi Mkunga. Nina mimba ya miezi miwili na Ramadhani inakaribia. Natapika kila siku, lakini naona haya kula wakati nyumba nzima imefunga. – Bi harusi, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Dini imekupa ruhusa, nami kwa upande wa mwili nakwambia uitumie. Huku kwetu saumu ni zaidi ya saa 13 bila tone la maji, na mtu anayetapika kila siku tayari anapoteza maji ambayo hayarudishi. Masheikh wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, wanasema mjamzito anayejihofia nafsi yake atalipa siku hizo baadaye, na aliyeacha kufunga kwa kumhofia mtoto peke yake atalipa na kuongeza fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Sheikh wako atakueleza lako ni lipi. Kama kutapika kutakuwa kumekoma kabla ya mwezi kuandama, na kliniki ikikuta damu na uzito wako viko sawa, unaweza kujaribu, kwa masharti kwamba usiache daku, unywe maji usiku kucha kidogo kidogo, na ufungue siku yoyote utakayotapika tena, utakayopata kizunguzungu au ambayo mkojo wako utakuwa mweusi. Haya ya kula ina dawa rahisi: kula chumbani.

SWALI: Nafanya kazi ya kuhudumia wateja dukani. Bosi ameniambia nikikosa tena kwa sababu ya kutapika nisirudi. Ana haki? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Hana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, na inampa aliyefanya kazi kwa miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 za mshahara kamili na nyingine 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Cheti ndicho kitu ambacho wengi hukisahau, wakituma ujumbe tu kwamba hawajisikii vizuri. Kitafute siku ya kwanza unayougua, na umjulishe mwajiri kwa maandishi. Wasomaji wa Tanzania bara wanalindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo likizo yake ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara.

SWALI: Wenzangu wote wanatapika, mimi nina wiki 10 na sijatapika hata mara moja. Wananiambia mtoto hayuko salama, wengine wanasema basi ni wa kiume. – Mwenye wasiwasi, Morogoro

JIBU: Wajawazito 2 hadi 3 katika kila 10 hawapati kichefuchefu kabisa na huzaa watoto wazima. Ni kweli kwamba utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliofuatilia wanawake waliokuwa wamewahi kupoteza mimba, uliona wenye kichefuchefu wakiharibikiwa na mimba mara chache zaidi kuliko wasio nacho, lakini hiyo ni tofauti ya makundi, na haikwambii lolote kuhusu mimba yako wewe. Kuhusu mtoto wa kiume, kinachojulikana ni kwamba waliolazwa kwa kutapika kulikopindukia huzaa wasichana kwa wingi kidogo tu kuliko wavulana. Huwezi kuchagulia jina kwa hilo. Kitakachonifanya nikuite kliniki ni kutokwa damu au tumbo kukaza na kuuma. Vinginevyo nenda kwa ajili ya hudhurio la kwanza, ambalo linatakiwa lifanyike kabla ya wiki 12 kuisha, na wewe zimekubakia mbili.